UMEME UNAOPEPETA DAMU
Mzazi, ujue siri ya selimundu kabla ya kulaumu

NDUGU msomaji, yeyote aliyepata kuishi kijijini anaijua kazi ya upepo wakati wa mavuno. Mama wa Muyama, katika nyanda za juu za mkoa wa Kigoma, akishapura maharagwe yake hayatii ghalani vivi hivi. Husimama mahali penye upepo, akayainua kwa ungo, akayamimina polepole. Punje nzito huanguka karibu na miguu yake; makapi mepesi huchukuliwa yakatua mbali. Upepo hauna macho, wala haujui maharagwe ni nini. Lakini kwa kuwa unakisukuma kitu kimoja kidogo na kingine sana, mwisho wake vitu vilivyokuwa vimechanganyika hutengana.

Leo tunakuletea habari za upepo wa namna nyingine. Ni nguvu ya umeme, ambayo wataalamu wa sayansi wameifanya ipepete vitu vidogo kuliko punje yoyote, vidogo hata havionekani kwa darubini ya kawaida. Habari hizi zinapitia katika maabara za Marekani na Ulaya, lakini mwisho wake umo nyumbani mwako: katika damu ya mtoto unayempakata, na katika damu ya kijana wako anayejiandaa kuoa au kuolewa.

MOLEKULI KATIKA MKONDO WA BARIDI

Maji tunayokunywa, sukari tunayotia katika chai na hewa tunayovuta vimeundwa kwa chembe ndogo mno ziitwazo molekuli. Ndani ya kila molekuli mna chaji za umeme za aina mbili, chanya na hasi. Mara nyingi chaji hizo hulingana kwa wingi, lakini hazikugawanyika sawasawa: upande mmoja wa molekuli huelemea hasi na wa pili huelemea chanya, mfano wa mzigo wa kuni uliofungwa vibaya ukalalia upande. Molekuli ya namna hiyo ikipita mahali ambapo nguvu ya umeme ni kali upande huu na hafifu upande ule, haiwezi kwenda moja kwa moja. Huvutwa, ikapinda njia yake.

Mwaka 1954, Charles Townes na wenzake James Gordon na Herbert Zeiger, wa Chuo Kikuu cha Columbia mjini New York, waliitumia tabia hiyo kuchambua amonia, ile gesi ambayo harufu yake humchoma pua kila afagiaye zizi la mbuzi. Walipitisha mkondo mwembamba wa amonia ndani ya chombo kilichoondolewa hewa, katikati ya fito za chuma zilizotiwa umeme. Molekuli zenye nishati kubwa zilikusanywa katikati ya njia zikaendelea mbele. Zenye nishati ndogo zilivutwa pembeni zikapotea. Kutokana na uchambuzi huo walipata chombo kilichokuwa mtangulizi wa leza. Mwaka 1964 Townes alipewa Tuzo ya Nobel, pamoja na mabingwa wawili wa Shirikisho la Kisovieti, Basov na Prokhorov.

Waliofuata waliuendeleza ufundi huo kwa msaada wa baridi. Huenda msomaji anajiuliza baridi inahusu nini hapa. Mfikirie mfugaji anayepeleka ng'ombe wake kwenye josho. Wakiwa wametaharuki, wakikimbia huku na huko, hawezi kuwahesabu wala kuwatenga. Wakitulia na kufuata njia moja, hata mtoto huweza kuwaongoza. Molekuli nazo zikiwa na joto huzungukazunguka na kutikisika ovyo, zikipoa hutulia. Gesi iliyobanwa, ikifunguliwa ghafla kupitia tundu dogo kuingia mahali pasipo hewa, hupoa mno, hata ikabaki digrii chache tu juu ya baridi ya mwisho kabisa, ambayo ni digrii 273 za sentigredi chini ya sifuri.

Mwaka 1999, Hendrick Bethlem, Giel Berden na Gerard Meijer, huko Nijmegen, Uholanzi, waliupunguza mwendo wa mkondo wa namna hiyo. Walitumia kaboni monoksaidi, gesi ile ile ya sumu itokayo katika jiko la mkaa. Ni kama mpanda baiskeli anayepanda kilima: akipanda hupoteza mwendo, akiteremka huurudisha. Wao waliweka vilima 63 vya umeme, na kila molekuli ilipofika karibu na kilele, umeme ulizimwa na mteremko ukatoweka. Hivyo molekuli zilipanda tu bila kuteremka, na mwendo wake ukashuka kutoka meta 225 kwa sekunde hadi meta 98. Mwaka 2008, mjini Berlin, wataalamu walikwenda mbele zaidi: walitenganisha molekuli zenye atomu zile zile kabisa, ila umbo lake tu lilikuwa tofauti.

Hapo ndipo penye funzo letu. Vitu viwili vinaweza kufanana kwa kila hali machoni petu, lakini umeme ukaijua tofauti yake.

NDANI YA DAMU

Ufundi huo una ndugu yake mkubwa aliyetangulia kuzaliwa, naye anaitwa elektroforesi. Hapa molekuli hazipiti katika baridi kali wala mahali pasipo hewa. Zinapita katika majimaji. Tena hazivutwi kwa sababu ya kuelemea upande mmoja, bali kwa sababu zenyewe zina chaji iliyozidi. Penye ncha chanya, chenye chaji hasi hukimbilia huko. Na mwenye chaji nyingi humtangulia mwenye chaji chache. Arne Tiselius wa Sweden ndiye aliyetengeneza chombo cha kazi hiyo, akapata Tuzo ya Nobel mwaka 1948.

Mwaka uliofuata chombo cha mfano huo kilileta habari iliyoishangaza dunia. Tangu mwaka 1910, daktari James Herrick wa Chicago alikuwa amekwisha kuandika juu ya mgonjwa ambaye chembe zake nyekundu za damu hazikuwa za mviringo kama ilivyo kawaida, bali zilijipinda kama mundu. Ndiyo sababu leo tunauita ugonjwa huo selimundu; wengi wetu huuita siko seli. Kwa miaka karibu arobaini hakuna aliyejua kwa hakika chanzo cha kujipinda huko.

Mkemia Linus Pauling wa Marekani alipousikia ugonjwa huo mwaka 1945, alihisi kwamba kosa halimo katika chembe nzima, bali katika himoglobini, yaani ile molekuli nyekundu inayobeba oksijeni mwilini. Kazi ya kuthibitisha ilimwangukia daktari kijana, Harvey Itano, akisaidiana na S. J. Singer na Ibert Wells. Walipoitia himoglobini ya wagonjwa katika nguvu ya umeme, haikwenda sawa na ya wazima. Na walipochunguza damu ya watu wasiougua lakini wenye dalili za urithi huo, waliona himoglobini za aina mbili zikitengana katika chombo kimoja. Mwaka 1949 walitangaza kwamba huu ni ugonjwa wa molekuli. Ilikuwa mara ya kwanza ugonjwa wa binadamu kuonyeshwa kwamba umetokana na kasoro katika molekuli moja.

Kasoro hiyo ni ndogo kiasi gani? Mwaka 1956, Vernon Ingram wa Cambridge, Uingereza, alianza kuionyesha. Himoglobini imejengwa kwa minyororo minne yenye jumla ya vijenzi 574. Katika selimundu vimebadilika viwili tu, kimoja katika kila mnyororo wa aina ya beta: mahali pa asidi ya glutamiki pamekaa valini. Asidi ya glutamiki ina chaji hasi, valini haina. Basi himoglobini ya selimundu imepungukiwa na chaji mbili, na hapo ndipo umeme unapopata mahali pa kuishika.

Badiliko hilo dogo lina madhara makubwa. Oksijeni ikipungua katika damu, himoglobini hizo hushikamana zikawa fito ndefu, zikaikunja chembe ya damu. Chembe zilizokunjwa huziba mishipa midogo, na hapo huja maumivu makali ya mifupa na kifua. Tena hazidumu: chembe ya mtu mzima wa afya huishi siku 120 hivi, ya mgonjwa huishi siku 10 hadi 20 tu. Ndiyo maana mtoto huyo huishiwa damu, na macho yake huwa ya manjano.

KIPIMO KINAVYOFANYIKA

Katika maabara, mtaalamu huchukua damu kidogo, huzipasua chembe zake ili himoglobini itoke, kisha hutia tone lake kwenye ukanda mwembamba uliolowanishwa kwa maji ya dawa. Ncha moja ya ukanda huunganishwa na umeme chanya, ya pili na umeme hasi. Baada ya muda wa kama nusu saa, himoglobini zimetengana na kufanya mistari. Himoglobini ya kawaida, iitwayo A, huwa mbele. Ya selimundu, iitwayo S, huwa imebaki nyuma. Mtu mwenye mstari wa A peke yake hana urithi huo. Mwenye mistari ya A na S ni mbebaji, nasi tutamwita AS. Mwenye S bila A ndiye mgonjwa, naye huitwa SS.

Tunaomba msomaji azingatie sana jambo hili, kwa sababu nyumba nyingi zimeingia katika huzuni au ugomvi kwa kutolijua. Kipo kipimo rahisi ambacho damu hunyimwa oksijeni kwenye kioo, kisha hutazamwa kwa darubini kuona kama chembe zitajikunja. Kipimo hicho kina manufaa, lakini chembe za mbebaji nazo hujikunja zikitendewa hivyo. Hakiwezi peke yake kukuambia kama mtoto ni AS au ni SS. Na tofauti ya hao wawili ni kubwa mno: wa kwanza ni mzima, huishi maisha ya kawaida, wala ubebaji wake haugeuki kuwa ugonjwa, wa pili anahitaji kutunzwa maisha yake yote. Umeme ndio unaowatenga. Mzazi akiambiwa tu kwamba mtoto ana siko seli, na aulize kwa adabu: je, ni AS au ni SS, na imejulikana kwa kipimo gani?

Kwa mtoto mchanga kazi ni ngumu zaidi, kwa kuwa damu yake imejaa himoglobini ya utotoni, iitwayo F. Kwa ajili hiyo hutumiwa aina nyingine ya elektroforesi iliyo kali zaidi, ambayo kila himoglobini hutembea mpaka ifike mahali chaji zake zinapolingana, ikasimama hapo. Hospitali ya Bugando, Mwanza, iliitumia njia hiyo kuchunguza damu za maelfu ya watoto wachanga wa mikoa ya kaskazini magharibi. Ilionekana kwamba takribani mtoto mmoja katika kila watano ni mbebaji, na zaidi kidogo ya mmoja katika kila mia ana ugonjwa wenyewe. Matone ya damu hiyo yalikaushwa kwenye karatasi maalumu, yakasafirishwa kutoka vituo mbalimbali. Hilo ni funzo kubwa kwa vijiji vilivyo mbali na miji: si lazima mtoto asafirishwe, tone la damu yake laweza kusafiri kwa niaba yake.

KWA NINI SISI?

Mtu aweza kuuliza kwa nini urithi huu umeenea Afrika. Mwaka 1949, Hermann Lehmann na Alan Raper walipima watu wa Uganda, wakakuta kwamba miongoni mwa Wabwamba, watu kama 45 katika kila mia walikuwa na urithi huo. Ilikuwa ajabu kwamba kitu kinachoua watoto kimeweza kudumu kwa wingi kiasi hicho. Jibu lilitolewa mwaka 1954 na daktari Anthony Allison, aliyekulia Kenya. Alionyesha kwamba urithi huo ni mwingi penye malaria nyingi, kama mwambao wa pwani na kandokando ya Ziwa Viktoria, na ni mchache katika nyanda za juu zenye baridi. Mbebaji AS hukingwa kwa kiasi kikubwa asiuawe na malaria utotoni. Hivyo malaria yenyewe ndiyo iliyoupepeta urithi huu kwa vizazi na vizazi, ikiwaacha wabebaji waishi na kuzaa.

Lakini tusikosee hapo. Anayekingwa ni AS. Mtoto wa SS hana kinga hiyo ya kutegemewa, na malaria ikimpata ni hatari kubwa kwake kuliko kwa mwingine.

Mkazi wa milima ya Kasulu, Buhigwe au Kibondo asijidanganye kwamba baridi ya kwao imemwepusha. Damu husafiri pamoja na watu. Wazee wa Buha walikwenda kwa maelfu kufanya kazi za manamba katika mashamba ya mkonge ya Tanga na Morogoro; wengine walioa huko, wengine walirudi na familia. Leo vijana husomea Mwanza na kuoana na watu wa pwani. Urithi haujui mpaka wa wilaya.

HESABU YA NYUMBANI

Kila mtu ana jeni mbili za himoglobini hii, moja ya baba na moja ya mama. Chukua mifuko miwili, kila mmoja utie punje moja nyeupe na moja nyekundu. Nyeupe iwe A, nyekundu iwe S. Kila mimba ni sawa na kuchomoa punje moja katika kila mfuko bila kutazama. Ikiwa wazazi wote wawili ni AS, basi katika kila mimba iko bahati moja katika nne ya kupata nyeupe mbili, yaani mtoto asiye na urithi huo. Bahati mbili katika nne za kupata mchanganyiko, yaani mbebaji. Na bahati moja katika nne ya kupata nyekundu mbili, yaani mgonjwa. Wala punje hazikumbuki yaliyopita. Mtoto wa kwanza akiwa mgonjwa, si kwamba watatu wanaofuata watakuwa salama. Hesabu huanza upya kila mara.

Tazama basi jinsi lawama zetu zilivyo potofu. Mtoto akiugua mara kwa mara, vidole vya mikono na miguu vikamvimba angali mchanga, wapo wasemao mama ameleta mkosi katika ukoo. Wapo wanaomtafuta jirani mchawi. Wapo akina baba waliowarudisha wake zao kwa wakwe. Lakini punje nyekundu mbili haziwezi kutoka katika mfuko mmoja. Mtoto wa SS amepokea S moja kwa mama na S nyingine kwa baba, na wote wawili waliirithi bila kujua, kama walivyorithi umbo la pua. Hakuna aliyekosa. Kumlaumu mama ni dhuluma, na muda unaopotea kwa mganga ndio muda ambao mtoto alihitaji matibabu.

Kwa vijana, maana yake ni kwamba ni vyema wapime kabla ya ndoa, kila mmoja aijue damu yake. Hatusemi kwamba AS na AS wasioane. Hilo ni uamuzi wao. Tunasema waamue wakiwa wamefumbua macho. Wala asikataliwe mchumba kwa kuwa tu ni AS. AS akifunga ndoa na asiye na urithi wa namna hiyo, hawazai mtoto mwenye selimundu.

YALIYO MIKONONI MWETU

Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi zaidi duniani wanaozaliwa na ugonjwa huu. Hukadiriwa kufikia 11,000 kwa mwaka. Wataalamu hukadiria kwamba katika Afrika, nusu ya watoto hao au zaidi hufariki kabla ya kutimiza miaka mitano pasipo kutambuliwa na kutibiwa mapema. Wengi huzikwa ikisemwa kwamba ni malaria, nimonia, au upungufu wa damu tu.

Hali hii si ya kukatia tamaa. Tangu mwaka 2004, Muhimbili imekuwa na mpango mkubwa wa utafiti na matibabu ya selimundu, ulioongozwa na Profesa Julie Makani, ambaye kazi yake ilitambuliwa na Royal Society ya Uingereza kwa tuzo mwaka 2011. Mwaka 2023 Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, ilianza kuwapandikizia uloto watoto wenye ugonjwa huu. Aidha vimebuniwa vipimo vidogo vya haraka, vingine mfano wa vile vya malaria visivyohitaji umeme kabisa, na vingine vya elektroforesi vyenye betri, vinavyoweza kufika mahali ambapo mashine kubwa haifiki.

Yaliyo mengi, hata hivyo, ni ya nyumbani. Mtoto akijulikana mapema kuwa ni SS, hupewa penisilini kila siku katika miaka yake ya mwanzo ili kumkinga na vijidudu. Hupewa chanjo zote, pamoja na ile ya nimonia. Hulazwa katika chandarua chenye dawa kila usiku. Hupewa foliki asidi na, daktari akiona inafaa, dawa ya haidroksiyurea ipunguzayo maumivu. Anyweshwe maji ya kutosha na avikwe nguo za joto, hasa katika nchi ya milima, kwa maana baridi huweza kuyaamsha maumivu. Akipata homa, asisubiriwe kesho. Mama afundishwe na wahudumu namna ya kupapasa bandama. Ikivimba ghafla na mtoto akapauka, apelekwe hospitali saa ile ile.

Wazee walisema mficha maradhi kifo kitamuumbua. Ndugu msomaji, safari nyingine utakapompeleka mtoto kliniki kupimwa uzito, uliza pia habari ya kipimo cha selimundu, na kama hakipo hapo, uliza ni wapi kilipo karibu. Mkeo akienda, mfuate. Na majibu yakitoka, yasomeni pamoja, baba na mama, kwa kuwa punje hizo zilitoka katika mifuko yenu wote wawili.